Baruti ya Bei Rahisi: Rahisi kwa Nani?

Mwaka jana nilikuwa kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo, shule moja ya sekondari huku Temeke. Siku hiyo nafundisha kidato cha 3 jinsi Vita Kuu ya Kwanza ilivyopiganwa kwenye ardhi yetu. Nikaeleza kwamba Waingereza waliziba bahari, mizigo ya Wajerumani haiingii, risasi zinapungua. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Sir, kwani si wangejaza tena yale maganda kwa baruti yoyote ya bei rahisi? Baruti si baruti tu?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Mjomba wangu amebaki na vidole viwili mkono wa kushoto, na vingine vilikwenda kwa imani hiyohiyo. Kengele ikalia kabla sijamjibu vizuri. Nimeamua kumjibu hapa, maana nimegundua hata sisi wanachuo wengi tungeuliza vilevile.

Tuanze na risasi yenyewe. Ina vitu 4: ganda, fataki kwenye kitako (simzungumzii yule fataki wa matangazo ya redio), baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Neno lenyewe "risasi" ni jina la madini, yale mazito na laini, kwa sababu zamani kichwa kilikuwa risasi tupu iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Fataki inatoa cheche, baruti inaungua, gesi inajaa na kusukuma kichwa nje ya mtutu. Hapo ndipo penye siri: baruti zote zinaungua, ila haziungui kwa kasi moja wala hazitoi nguvu moja.

Kuna baruti nyeusi, ya mkaa, kiberiti na shura. Hii ndiyo ya magobore. Inatoa moshi mwingi, inaacha masizi yanayovuta unyevu na kulisha mtutu kutu. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyo na moshi. Kwa uzito uleule, ina nguvu kubwa kuliko nyeusi. Halafu kuna baruti za kupasulia miamba, zile za migodini na kwenye machimbo ya mawe. Hizo hazisukumi, zinavunja. Jina ni moja, kazi ni 3 tofauti.

Sasa mjomba. Alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe pori shambani. Baruti nyeusi ikamwishia, na ya kununua akaiona ghali. Mtu akampa baruti iliyotolewa kwenye risasi za bunduki ya kisasa, bure kabisa. Mzee akapima kwa kizibo chake kilekile cha miaka yote. Kizibo kilikuwa kilekile, baruti siyo. Mtutu wa gobore haukuundwa kubeba msukumo ule, ukapasuka mkononi. Ukimuuliza leo baruti ile ilikuwa bei gani, anakuonyesha mkono.

Turudi kwa swali la kijana wangu, maana Wajerumani kweli walijaza maganda upya. Vita vilipoanza mwaka 1914, makampuni mengi ya askari wao hapa kwetu yalikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871, za baruti nyeusi na kichwa kinene cha risasi cha milimita 11. Askari akifyatua mara moja, wingu la moshi linamwambia adui alipo. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, walifurahia sana kuokota bunduki mpya na risasi walizoacha Waingereza.

Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ikaingia ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwa na bunduki na risasi. Manowari ya Uingereza ikaishambulia, na meli ikazama majini karibu na pwani. Wapiga mbizi wakaokoa mizigo, lakini maji ya chumvi yalikuwa yameshaingia kwenye risasi, na nyingi zikawa haziwaki. Jenerali Lettow-Vorbeck ameeleza kwenye kumbukumbu zake walichofanya: kwa miezi kadhaa huko Moshi, askari na wafanyakazi walishinda toka asubuhi hadi usiku wakifungua risasi, wakisafisha baruti na kubadilisha baadhi ya fataki. Kisha wakazijaribu. Zilizogoma kama 20 katika kila 100 zikaenda vitani, mbovu zaidi zikawa za mazoezi, na zile ambazo hazikuguswa na maji zikatunzwa kwa ajili ya bunduki za rashasha.

Umeona? Hata jeshi lililobanwa pande zote halikutia "baruti yoyote". Lilirudisha baruti ileile iliyopimwa kwa ganda lile, likajaribu, likapanga madaraja. Na bado risasi moja kati ya 5 iligoma.

Wapo watu, kwa mfano Marekani, ambao kujaza risasi nyumbani ni jambo la kawaida, na kwao bei inahesabiwa kwa mlio, siyo kwa kopo. Ratili moja ya baruti ni greni 7,000. Mlio ukitumia greni 50, unapata milio 140. Ukitumia greni 10, unapata 700. Kichwa cha risasi laini hakitaki mwendo mkali, kikikimbizwa kinaacha madini mtutuni, kwa hiyo baruti kidogo inayoungua haraka inatosha. Ndiyo maana inaonekana nafuu. Lakini ndani ya ganda kubwa, kiasi kidogo kinazama chini. Ukisahau ukajaza mara mbili, ganda halifuriki kukuonya. Kwa hiyo wanafuata vitabu vya vipimo vilivyojaribiwa maabara, na baruti isiyo na lebo hutupwa hata kama ni ya bure. Huku kwetu silaha na risasi ziko chini ya sheria ya mwaka 2015, siyo jambo la kujaribia chumbani Mbagala.

Na Mbagala nimeitaja kwa makusudi. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lilipolipuka pale Mbagala Kuu, nilikuwa na miaka 6. Watu zaidi ya 20 walifariki. Nakumbuka mama ananivuta mkono tunakimbia, na baadaye tunakatazwa kuokota chuma chochote tusichokijua. Mtaani kwetu watoto walilielewa somo hilo bila mwalimu.

Kwa hiyo kijana wangu wa dawati la nyuma, jibu ni hapana, baruti siyo baruti tu. Kabla hujauliza bei, uliza ni ipi, ilitengenezewa bunduki gani, na imehifadhiwa wapi. Kama hakuna wa kukujibu, usiiguse, toa taarifa polisi au serikali ya mtaa. Mjomba anasema niwaambie hivyo, na ameongeza kwamba nguruwe walikula mihogo yote mwaka ule.