Kipima mapigo ya moyo: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua chombo cha mazoezi katika joto la Garissa

ALFAJIRI, kabla jua halijaanza kuchoma, msafiri anayevuka daraja la mto Tana na kuingia mjini Garissa huwaona watu wakitembea kwa kasi kandokando ya barabara. Swala wamekwisha kuiswali na soko bado halijafunguliwa. Wengi wao ni watu wa makamo walioambiwa na daktari kwamba shinikizo la damu limepanda au sukari imezidi, na kwamba dawa pekee hazitoshi, sharti watembee.

Siku hizi baadhi yao huvaa saa zenye taa ndogo ya kijani inayomwekamweka chini ya kifundo cha mkono. Hicho ndicho kipima mapigo ya moyo, chombo ambacho miaka michache iliyopita kilijulikana kwa wanariadha na makocha wao tu.

Si jambo la kubeza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulibainisha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo hupendekeza kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Neno lenye utata hapo ni hilo "wastani". Mwendo ulio wa wastani kwa kijana wa miaka 25 waweza kuwa wa kuchosha mno kwa mzee wa miaka 60, na ndipo wengi hukimbilia chombo cha kuwahesabia.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu anayeishi Garissa, alinunuliwa saa ya aina hiyo na mwanawe. Programu ya simu iliyoambatana nayo ilimwagiza afikishe mapigo 115 kwa dakika. Mwalimu alitembea, saa ikasema 84. Akaongeza mwendo, ikasema 88. Akaamua kukimbia, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka 20, hadi kizunguzungu kikamlazimu aketi chini ya mwarobaini akisubiri mtu wa kumpeleka nyumbani.

Saa haikuwa mbovu. Mwalimu alikuwa akitumia vidonge vya shinikizo la damu vya lile kundi ambalo majina yake huishia kwa "lol", mathalani atenolol na propranolol. Kazi mojawapo ya dawa hizo ni kuuzuia moyo usipige kwa kasi. Mtu anayezitumia aweza kuchoka kabisa ilhali mapigo yake hayajafika 100. Programu ya simu haikumwuliza anatumia dawa gani. Ilimwuliza umri tu.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza ni chombo gani kinunuliwe, inafaa msomaji afahamu nambari inayotafutwa hutoka wapi.

Kanuni inayotumiwa na vyombo vingi ni kutoa umri wa mtu kutoka 220, na kinachobaki huhesabiwa kuwa kikomo cha mapigo ya moyo wake. Mtu wa miaka 55 atapata 165. Mazoezi ya wastani huchukuliwa kuwa kati ya asilimia 50 na 70 ya kikomo hicho, yaani mapigo 83 hadi 115 hivi kwa dakika. Kanuni hiyo ilienea kuanzia miaka ya mapema ya 1970 kupitia watafiti wawili wa Marekani, Samuel Fox na William Haskell, nayo ilikuwa makadirio tu. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walipendekeza nyingine: zidisha umri kwa 0.7, kisha toa jibu kutoka 208. Mtu yuleyule wa miaka 55 hupata takriban 170.

Hata hivyo zote mbili ni wastani wa watu wengi. Watu wawili wenye umri mmoja na afya njema waweza kupishana kwa mapigo 10 au hata 20, na hakuna aliye mgonjwa kati yao. Anayetumia dawa za moyo au shinikizo aachane na kanuni zote hizo na amwombe daktari wake kiwango chake.

Jambo la pili ni joto, na hapa ndipo Garissa inapotofautiana na mahali vyombo hivi vilikobuniwa. Kipima mapigo cha kuvaliwa kisicho na nyaya kilitengenezwa Finland, nchi ya theluji. Seppo Säynäjäkangas, mhandisi wa huko, alianzisha kampuni ya Polar mwaka 1977, na mwaka 1982 kampuni hiyo ikatoa chombo chake cha kwanza cha namna hiyo, kilichowafaa sana wanaoteleza kwenye theluji.

Garissa haina theluji. Mji uko chini, kiasi cha mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, na mchana joto hupita nyuzi 35 kwa muda mrefu wa mwaka. Mwili unapopata joto, moyo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kupeleka damu kwenye misuli inayotembea na kuipeleka kwenye ngozi ili joto litoke. Jasho nalo hupunguza maji ya damu, hivyo kila pigo husukuma damu kidogo zaidi, na moyo hulazimika kufidia kwa kupiga mara nyingi.

Matokeo yake ni kwamba mtu anayetembea kwa mwendo uleule kwa muda wa saa nzima ataona nambari ikipanda polepole, ingawa hajaongeza hata hatua moja. Asidhani kwamba saa imeharibika, wala asijisifu kwamba amefanya mazoezi makali. Huo ni moyo unaogharamia joto, na la busara ni kupunguza mwendo ili nambari ishuke. Mgeni aliyetoka nyanda za juu huhitaji kama wiki moja hadi mbili kabla mwili wake haujazoea. Katika mwezi wa Ramadhani, anayetembea alasiri akiwa hajanywa maji tangu alfajiri ataliona jambo hilo kwa uwazi zaidi. Heri asubiri baada ya kufuturu, au atembee kwa upole karibu na magharibi.

Kuna pia miraa, ambayo ni adabu kuitaja ingawa wengi hawapendi. Majani hayo huongeza kasi ya moyo na shinikizo la damu. Aliyetafuna usiku kucha kisha akavaa saa asubuhi atakuwa anapima athari ya miraa pamoja na ya mazoezi, na hakuna chombo kiwezacho kuzitenganisha.

Sasa tuje kwenye vyombo vyenyewe. Kwa jumla viko vya aina mbili, na tofauti yao ni ya msingi.

Cha kwanza ni mshipi wa kufungwa kifuani, chini kidogo ya matiti. Kila moyo unapopiga hutoa umeme mdogo ambao hufika kwenye ngozi. Mshipi huo una vipande viwili vinavyoupokea na kuupeleka kwa mawimbi ya redio hadi kwenye saa au simu. Kimsingi ni kazi ileile ya mashine ya hospitalini inayochora mistari ya moyo, ijapokuwa kwa ufinyu sana. Kwa usahihi wakati wa mwendo, mshipi hauna mshindani miongoni mwa vyombo vya kuvaliwa.

Hitilafu yake kubwa ni ngozi kavu. Katika nchi za baridi mvaaji hushauriwa aulowanishe kwa maji kabla ya kuanza, la sivyo dakika za kwanza hutoa nambari za ajabu. Garissa jasho huifanya kazi hiyo upesi, ingawa kulowanisha ni bora hata hivyo. Zaidi ya hayo, mshipi hujificha chini ya nguo. Mwanamke aliyevaa buibui au jilbabu huuvaa bila mtu kujua, kisha akatazama simu yake anapofika nyumbani.

Mnunuzi aangalie jambo moja ambalo wauzaji hulipita haraka: mishipi mingi haina kioo cha kusomea. Bila simu au saa inayoelewana nayo, ni kamba tu. Auliziwe muuzaji kama inatumia Bluetooth na kama simu ya mnunuzi, hata ile ya zamani, itaipokea. Yafaa ijaribiwe papo hapo dukani.

Aina ya pili ni ya mwanga, ndiyo ile saa yenye taa ya kijani. Damu nyekundu hunyonya mwanga wa kijani. Kila pigo linapoleta damu zaidi chini ya ngozi, mwanga unaorudi hupungua, na jicho dogo lililo kando ya taa huhesabu mapungufu hayo. Ni ubunifu mzuri, lakini saa haihesabu moyo wenyewe. Huhesabu vivuli, na chochote kinachotikisa kivuli huichanganya.

Kitikisacho zaidi ni mkono wenyewe. Mkono unapopigapiga kwa mdundo wa hatua, saa dhaifu huweza kushika hatua badala ya moyo. Kwa mkimbiaji kosa hilo hujitokeza, maana hatua zake hufika 160 au 170 kwa dakika. Kwa mtembeaji ni hatari ya kimyakimya: mwendo wa kasi wa kawaida ni hatua 110 hadi 120 kwa dakika, nambari inayofanana kabisa na mapigo aliyoambiwa ayatafute. Aweza kutembea mwaka mzima akifurahia kuhesabiwa miguu.

Wasomaji wengi watauliza kuhusu rangi ya ngozi, na wana haki. Kinachoitia ngozi weusi pia hunyonya mwanga wa kijani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliochapishwa mwaka 2020, ulilinganisha vyombo kadhaa na haukuona tofauti kubwa ya usahihi wa mapigo kati ya ngozi nyeusi na nyeupe. Kilichoharibu vipimo kilikuwa mwendo na ubora wa chombo chenyewe. Habari hiyo njema isichanganywe na kipimo cha oksijeni kinachoonyeshwa na saa nyingi. Mwaka huohuo madaktari wa Michigan walieleza kwamba hata vipimo vya kidoleni vya hospitali vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Kipimo hicho cha saa kipuuzwe. Hina nyeusi nayo, piko, ikipakwa mahali taa inapogusa, yaweza kuzuia mwanga. Saa ihamishiwe mkono mwingine au isogezwe juu.

Kuna chombo cha kati ambacho nakipendelea kwa watembeaji wengi: kitambaa chenye taa hiyohiyo kinachofungwa kati ya kiwiko na bega. Hapo nyama ni nene, mifupa iko mbali na mtikisiko ni mdogo kuliko kwenye kifundo. Nacho pia hujificha chini ya mkono wa kanzu au buibui.

Ama vile vikuku vya bei ya kutupa vinavyouzwa barabarani na mitandaoni, tahadhari. Nilinunua kimoja katika duka moja jijini Nairobi, nikakifunga kwenye taulo iliyokunjwa, nacho kikaniarifu bila haya kwamba taulo ile ina mapigo 76 kwa dakika. Muuzaji alikataa kukirudisha, akidai kwamba taulo ilikuwa na joto.

Jaribio hilo la taulo yeyote aweza kulifanya. Bora zaidi ni la vidole. Weka vidole viwili kwenye mshipa ulio upande wa dole gumba, ndani ya kifundo cha mkono. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili, kisha linganisha na chombo. Fanya hivyo ukiwa umeketi, na tena mara tu unaposimama baada ya dakika kumi za mwendo wa kasi. Unaposimama hesabu kwa sekunde 15 tu na uzidishe kwa nne, maana moyo hushuka upesi. Zikipishana kwa mapigo matano hivi, chombo kinafaa. Zikipishana kwa 20, kirudishwe siku hiyohiyo. Daktari Mwingereza John Floyer alitangaza mwaka 1707 saa aliyoitengenezea kazi hiyo ya kuhesabu mapigo kwa dakika moja, na njia yake haijachakaa.

Asiye na fedha za chombo chochote anaweza kutumia kinywa. Ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, mwendo ni wa wastani. Usipoweza kumaliza sentensi, punguza. Mwalimu wangu sasa hutumia kipimo hicho, akishirikiana na jirani anayependa siasa, na daktari wake amemwekea kikomo cha mapigo 95 kwa saa ileile aliyoletewa na mwanawe.

Maumivu ya kifua, jasho la baridi, moyo kurukaruka bila mpangilio, au kukosa pumzi kusikoisha baada ya kupumzika, ni mambo ya kupelekwa hospitalini hata kama saa inaonyesha nambari nzuri.

Kwa atakayechagua mshipi wa kifuani, betri yake ni ile bapa mfano wa sarafu, iliyoandikwa CR2032 au CR2025, ambayo pia hutumiwa kwenye funguo nyingi za magari. Hudumu miezi mingi bila kuhitaji kuchajiwa, jambo la manufaa kwa anayeishi mbali na umeme. Chumvi ya jasho ndiyo adui wake. Kila baada ya mazoezi kipande chenye betri kichomolewe, mkanda usuuzwe kwa maji safi na kuanikwa kivulini, kwani jua la Garissa hukausha mpira hadi ukapasuka.