Mpira wa Gari

Udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga, ukinyeshewa, huteleza kama mlenda. Na changarawe za njia za machimboni Geita hula mpira wa gari kama tupa ilavyo chuma.

Mifereji iliyochongwa juu ya mpira ndiyo itoayo maji chini ya gurudumu. Pasipo mifereji, gari halisimami dereva atakapo. Ndani yake mna vinundu vya kimo cha milimita 1.6, mpira ukilika hata kulingana navyo, sharti ubadilishwe.

Upepo nao hupimwa asubuhi, kabla ya safari, maana joto huuzidisha. Ukipungua, mpira hulika kandokando. Ukizidi, hulika katikati.

Mpira uliokwisha kulika hufaa kukatwa katambuga. Haufai kuchukua watu.