Istilahi za Kasoro za Moyo na Mishipa ya Damu kwa Vilebu Wachanga

Mtoto wa mbwa huitwa kilebu. Lugha iliyompa kiumbe huyu jina lake mwenyewe haiwezi kusemwa kuwa haina uwezo wa kueleza maradhi yake. Uwezo upo, upungufu wetu ni katika kuchagua maneno na kuyawekea mipaka. Hivi karibuni tuliletewa, kwa ajili ya kusahihishwa, tafsiri ya karatasi ya maelezo kwa wafugaji wa mbwa. Sarufi yake ilikuwa safi, lakini maneno matatu tu yaliyotumiwa vibaya yangaliweza kumfanya mfugaji amwondoe jike mzima katika uzazi, au ampe mnyama mgonjwa dawa isiyomfaa. Katika makala haya tutayachambua maneno hayo pamoja na mengine yaliyo karibu nayo.

Neno la kwanza ni kurithi. Mfasiri aliandika "ugonjwa wa kurithi" mahali palipotakiwa "kasoro ya kuzaliwa nayo". Mambo haya mawili hukutana mara nyingi, lakini si kitu kimoja. Kasoro ya kuzaliwa nayo ni ile ambayo kilebu huwa nayo siku anapotoka tumboni, iwe imetokana na nasaba, au na dawa, maradhi au lishe ya mama wakati wa mimba. Ugonjwa wa kurithi ni ule utokao kwa wazazi, hata kama hujitokeza baadaye. Mbwa wa aina ya Doberman aweza kurithi udhaifu wa misuli ya moyo usioonekana mpaka awe mtu mzima. Aidha, kwa mbwa wa aina ya Newfoundland, ufinyu wa njia ya damu chini ya vali ya aota ni wa kurithi, lakini hujijenga katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa.

Hatusemi kwamba nasaba ni jambo dogo. Katika miaka ya 1960 na 1970, Donald F. Patterson wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, pamoja na wenzake, walionyesha kwa kuzalisha mbwa kwamba baadhi ya kasoro za moyo hufuata ukoo. Lakini hilo ni jambo la kuthibitishwa na uchunguzi. Mfasiri hana haki ya kulithibitisha kwa kuteleza kwa kalamu.

Neno la pili ni mshipa. Katika matumizi ya kawaida, mshipa waweza kuwa njia ya damu au neva. Na mtu akisema "ana mshipa", wengi huelewa kuwa ni ngiri. Kwa hiyo tunapendekeza "mshipa wa damu" liwe jina la jumla, na chini yake ateri na vena. Walimu wajihadhari na desturi ya kusema kwamba ateri huchukua damu safi na vena damu chafu. Ateri ya mapafu huchukua damu yenye oksijeni kidogo, na bado ni ateri. Maana sahihi ni ya mwendo: ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha.

Hapa ndipo ilipo kasoro inayojulikana sana kwa vilebu. Kijusi hapumui kwa mapafu. Oksijeni huipata kwa mama kupitia kondo na kitovu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya damu yake huyakwepa mapafu kwa kupita katika mrija mfupi unaounganisha ateri ya mapafu na aota. Kilebu akivuta pumzi ya kwanza, mrija huo huanza kujikunja, na kwa kawaida hufunga katika siku chache za kwanza. Usipofunga, damu hugeuza njia: sasa hutoka kwenye aota yenye nguvu na kurudi mapafuni, na upande wa kushoto wa moyo hulazimika kufanya kazi ya ziada mpaka ukachoka. Tunapendekeza "mrija wa kijusi uliobaki wazi". Wengine husema "tundu la moyo", lakini hilo ni kosa, kwani mrija uko nje ya moyo. Tundu tuliachie kasoro ya kiambaza, yaani ukuta unaotenga vyumba vya moyo.

Mganga wa mifugo huitambua kasoro ya mrija kwa kusikiliza. Wafasiri kadhaa wameita sauti hiyo "mnong'ono". Sisi twaona "mvumo" lafaa zaidi, kwa kuwa sauti yenyewe huvuma mfululizo kama mashine, bila kukatika. Mkono ukiwekwa kifuani huweza kuhisi "mtetemo". Ikumbukwe kwamba si kila mvumo ni kasoro: vilebu wengine huwa na mvumo hafifu unaotoweka wakuapo. Lakini mrija ulio wazi usiachwe, kwa maana mbwa wengi wasiotibiwa hufa mapema kwa moyo kushindwa kazi, hali waliofungwa mrija mapema huweza kuishi maisha ya kawaida.

Neno la tatu ni kutapika. Katika vilebu wengine, hasa wa mbwa mchungaji wa Kijerumani, upinde wa aota hukua upande wa kulia badala ya kushoto. Hapo aota, ateri ya mapafu na kano iliyobaki baada ya mrija kufunga huzunguka umio kama pete. Maziwa hupita, lakini kilebu akianza chakula kigumu, chakula hukwama na kurudi kikiwa hakijafika tumboni. Kutapika ni kutoa kilichomo tumboni kwa kujikakamua. Kilebu huyu hajikakamui. Mfugaji akiambiwa "anatapika", atatafuta dawa ya tumbo, na siku zitapita huku mnyama akikonda na umio ukizidi kutanuka. Kucheua nako ni kwa ng'ombe, ambaye hurudisha chakula kutoka tumboni. Kwa hiyo tunapendekeza "kurudisha chakula cha umioni", ingawa ni refu. Tiba ya hali hii ni kuikata ile kano kwa upasuaji.

Mwisho, tutenganishe ufinyu na mbano. Ufinyu ni wembamba wa njia yenyewe, kama ufinyu wa vali ya ateri ya mapafu. Mbano hutoka nje, kama pete ya mishipa inavyoubana umio.

Kwa muhtasari, tunaweka mbele ya wasomaji maneno haya: kasoro ya kuzaliwa nayo, mrija wa kijusi uliobaki wazi, tundu la kiambaza, mvumo, mtetemo, ufinyu, mbano, pete ya mishipa, kurudisha chakula cha umioni. Walimu, wafasiri na mabwana mifugo wenye maneno bora zaidi, hasa yale yanayotumiwa na wafugaji wenyewe, wanaombwa watuletee. Istilahi njema ni ile ambayo mfugaji akiisikia atajua la kufanya.