Breki "Kufeli": Istilahi za Gari Mteremkoni

Miongoni mwa kazi ambazo mfasiri huziona ndogo mpaka atakapozishika mkononi ni kufasiri kitabu cha maelekezo ya gari. Jamaa yetu mmoja, mzaliwa wa Ngara afanyaye kazi mbali na kwao, alinunua gari jipya la namna ile ipendwayo na vijana: fupi kwa kimo, lenye matairi mapana yenye ukuta mwembamba, na injini yenye haraka. Alikusudia kumpeleka nyumbani mama yake mzazi, pamoja na mkewe na binti yao wa miaka tisa, kwa njia ya Biharamulo. Akatuomba tumfasirie kurasa chache za kitabu kile, hasa zile zihusuzo kuteremka milima, ili mkewe ambaye angepokezana naye usukani azisome kabla ya safari. Tulikubali upesi, tukidhani kuwa ni kazi ya jioni moja. Ujira wetu ulikuwa nafasi ya tano katika gari hilo, na ndiyo iliyotuonyesha makosa yetu.

Tulianza kukwama katika jina lenyewe. Tuliandika "gari la michezo", na yule binti alipolisoma aliuliza kama ni gari la kubebea wachezaji wa mpira. Hakukosea. Neno "michezo" katika Kiswahili lina viwanja, wachezaji na watazamaji. Halina maana ya wepesi na kasi ambayo lugha nyingine zimelitwika. "Gari la mbio" nalo tayari lina kazi yake, kwani ndilo tulitumialo kwa magari ya mashindano, mathalani yale ya Safari Rally iliyoanzishwa mwaka 1953. Watu mitaani husema "gari la spoti", na hatuoni sababu ya kulikataa jina hilo. Halimdanganyi mtu, na limekwisha kuzoea ngeli zetu.

Hali ni hiyo hiyo kwa nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na ardhi. Kitabu kilitoa kipimo chake kwa milimita, nasi tukabuni "uwazi wa chini". Mafundi husema tu kwamba gari "liko chini" au "liko juu", na kila msikilizaji hufahamu. Hata hivyo sifa si kipimo: mwalimu wa ufundi hawezi kuandika "kuwa chini kwa gari ni milimita 130" bila kuchekesha darasa. Hapo tunadhani "kimo cha tumbo" chafaa. Katika njia ya vumbi iachayo barabara kuu kuelekea nyumbani kwa mama yule, ambapo mvua ilikuwa imechimba mifereji, sote isipokuwa dereva tulishuka na kutembea, na bado sampo ilikwaruzwa.

Hayo, lakini, ni madogo. Jambo lililotufanya tuandike makala haya liko katika barabara kuu, kati ya Lusahunga wilayani Biharamulo na mpaka wa Rusumo wilayani Ngara, mwendo wa kilomita 90 hivi. Hiyo ni njia ya malori ya masafa marefu yaendayo Rwanda na Burundi, na nchi yenyewe ni ya vilima vilivyofuatana. Gari hupanda, hugeuka, hushuka, kisha hupanda tena. Katika nchi ya namna hiyo msamiati wa mteremko si pambo.

Kitabu kiliagiza kwamba katika mteremko mrefu dereva asitegemee breki za magurudumu peke yake, bali aingize gia ya chini na kuondoa mguu kwenye mafuta, ili injini yenyewe ivutane na magurudumu na kulizuia gari. Sisi tulikiita kitendo hicho "breki ya injini". Mke wa jamaa yetu, dereva wa miaka mingi, alisoma fasiri yetu kwa makini kisha akauliza: "Kaka, hiyo breki ya injini inakanyagwa wapi?" Hatukuwa na la kujibu. Neno "breki" katika akili ya mwenye lugha ni kitu kinachokanyagwa au kuvutwa. Tulikuwa tumempa jina la kifaa mahali ambapo hapana kifaa.

Jawabu tulilipata Lusahunga, tulipotua kujaza upepo. Fundi mmoja, alipoona gari na kusikia twendako, alimwambia dereva wetu: "Mama, huko mbele gari unalishika kwa gia. Breki unaigusa tu." Katika maneno yale machache mlikuwa na istilahi tuliyoitafuta usiku kucha. "Kushika gari kwa gia" ni kitenzi, na jambo lenyewe ni tendo la dereva, si chombo. Tukitaka nomino, "mshiko wa gia" upo karibu. Tunapendekeza wafasiri wa vitabu vya udereva wautumie, na waiache "breki ya injini" tuliyoibuni wenyewe.

Gia nazo zina mtego. Madereva wengine huiita gia ya kwanza "ndogo" kwa kuwa namba yake ni ndogo, na wengine huiita "kubwa" au "nzito" kwa kuwa nguvu yake ni kubwa. Maelekezo yasemayo "teremka kwa gia kubwa" yaweza basi kumpeleka msomaji mmoja kwenye gia ya pili na mwingine kwenye ya tano, na huyo wa pili yumo hatarini. Mfasiri ataje namba, au atumie kanuni ya madereva wa zamani: shuka kwa gia uliyopandia, au ambayo ungepandia. Magari yajibadilishiayo gia hayaepushi tatizo hili. Mengi yana herufi kama L, S au B, au alama za kujumlisha na kutoa, ambazo humwezesha dereva kulishika gari vilevile. Lakini aliyefundishwa kwamba gari kama hilo "linajiendesha" hatazigusa kamwe.

Kinyume cha kushika ni "kuachia frii", yaani kuondoa gia mteremkoni ili gari litiririke lenyewe. Neno "frii" lina raha ndani yake, nasi tunashuku kwamba raha hiyo imechangia ajali. Wengi hufanya hivyo wakidhani wanaokoa mafuta. Yamkini jambo hilo lilikuwa na ukweli zama za kabureta. Katika injini za sasa zinazopuliziwa mafuta kwa vipimo, gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya kanyagio, mafuta hukatwa kabisa; lakini likiwa frii, injini huendelea kunywa ili isizime. Mwenye kuachia frii hapati faida, na mshiko ameutupa.

Twaja sasa kwenye "kufeli". Ni nadra kusoma habari ya ajali ya mteremkoni usikute sentensi "breki zilifeli". Kitenzi hiki kimetoka shuleni, ambako mtu hufeli mtihani, na kwa breki kinafunika angalau mambo matatu yasiyofanana. La kwanza, mpira au bomba limepasuka na mafuta ya breki yamemwagika. Mafundi husema breki "zimekata". La pili, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani kadiri yanavyokaa: yale ya daraja la DOT 3 hutakiwa yakiwa mapya yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kipimo hushuka hadi nyuzi 140. Yachemkapo hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na kanyagio huzama hadi sakafuni ingawa hakuna tone lililomwagika. La tatu, pedi zimepata joto la kupita kiasi na kupoteza mkwaruzo wake: kanyagio ni gumu kama kawaida, lakini gari halisimami. Hilo twaweza kuliita "kufifia kwa breki", na lile la pili "kuchemka kwa breki".

Tofauti hizo zina uzito kwa sababu kisa cha kwanza aghalabu ni ubovu wa chombo au uzembe wa matengenezo, lakini cha pili na cha tatu mara nyingi huanzia kwa dereva aliyekanyaga breki kutoka kileleni hadi bondeni. Tazama sarufi ya "breki zilifeli": kiima ni breki, na dereva hayumo katika sentensi. Karani wa polisi aandikaye hivyo amekwisha kutoa hukumu bila kukusudia. Malori yenye breki za upepo huongeza utata. Katika mengi ya sasa upepo ukiisha springi hufunga magurudumu ya nyuma, hata taarifa isemayo "upepo uliisha, lori likashindwa kusimama" inahitaji kuulizwa mara ya pili.

Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na kwa miaka mingi maneno ya shahidi yalifasiriwa kwa Kiingereza kabla ya kupimwa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, "kufeli" huweza kuingia katika hukumu kama kulivyo. Watumishi wanaotayarisha fomu za ajali wangefanya hisani kubwa kama wangeweka mahali pa kuuliza: breki zilikata, zilichemka, au zilififia? Na gari lilikuwa katika gia ipi?

Tulipofika Benaco mama mzee alisimulia jinsi kambi ya wakimbizi wa Rwanda ilivyojaa hapo mwaka 1994. Wapenda asili ya majina watapenda kujua kwamba jina hilo liliachwa na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara. Kwao Benaco ni jina jingine la ziwa Garda. Barabara ilizaa jina la mahali, na wenyeji hawakusubiri idhini ya mtu.

Safari tuliimaliza Rusumo, karibu na daraja, magurudumu yakiwa na joto la kawaida. Tulimweleza binti kwamba ng'ambo ya mto Kagera magari hupita kulia, si kushoto kama kwetu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama huko "kipilefti" nacho huitwa kipilefti, maana alikwisha kufunzwa shuleni kwamba neno hilo limetokana na amri ya Kiingereza ya kushika kushoto. Tulimjibu kwamba kuna neno "mzunguko". Bibi yake akasema kwamba yeye ataendelea kusema kipilefti, popote kilipo.