Nyumba Inang'aa, Lakini Je, Ni Safi?

Leo tunaongea kuhusu usafi wa nyumba.

Hebu fikiria chumba kimoja cha kupanga hapa Eldoret. Pazia limegawa chumba katikati. Upande mmoja kuna kitanda, upande wa pili jiko na vyombo. Mama wa nyumba ameamka mapema, amefagia na kuosha sakafu, na vitambaa vyeupe amevitandaza kwenye viti. Jirani akiingia anamsifu. Lakini mtoto anaharisha, na ni mara ya pili mwezi huu. Mama anajiuliza: uchafu uko wapi?

Msikilizaji, uchafu unaoleta ugonjwa mara nyingi hauonekani kwa macho. Hukaa pale ambapo mikono, chakula na maji hukutana. Kwa hivyo ukiwa na muda mchache wa kusafisha, anzia hapo, sakafu itafuata.

Kwanza, kitambaa cha jikoni. Je, kile unachopangusia meza ndicho unachokaushia vikombe na kumfutia mtoto mdomo? Kitambaa kikishinda kimelowa, viini huzaana ndani yake. Tenga kimoja cha meza na kingine cha vyombo. Kifue kwa sabuni kila siku, ukichemshe kwa dakika tano, kisha ukianike. Msimu wa mvua jua ni haba, basi weka kingine cha kubadilisha. Vyombo navyo viache vikauke vyenyewe kwenye kichanja.

Pili, maji ya kunywa. Mji wetu uko juu, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Huku maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 93 hivi, si 100 kama Mombasa. Kwa hivyo yakianza kutokota usiyaepue papo hapo. Yaache yatokote kwa dakika tatu. Yafunike yapoe, kisha yamimine kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba, ulioosha ndani kwa sabuni na kuusuuza. Usichovye kikombe, mimina. Mtu akichovya mkono mchafu, kazi yako yote na makaa uliyochoma vimepotea.

Tatu, kila kitu kiwe na mahali pake. Hapa hatuzungumzii urembo, tunazungumzia maisha ya mtoto. Mafuta ya taa hununuliwa kwa chupa ya soda, na dawa ya kutoa madoa kama Jik hupimwa kwenye chupa ndogo ya maji. Mtoto mwenye kiu hawezi kujua tofauti. Acha dawa katika chupa yake yenye maandishi, funga kifuniko, na uiweke juu asipofika. Mafuta ya taa yasikae kamwe kwenye chupa ya kinywaji. Ikitokea amekunywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali mara moja, na chupa uibebe. Tena, usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa mvuke wenye sumu.

Jiko la makaa nalo lina mahali pake, nako ni nje. Baridi ya Julai tunaijua sote. Lakini ukilala na jiko linalowaka katika chumba kilichofungwa, makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Jiongezee blanketi, jiko litoke kabla hujafunga mlango.

Huenda unasema, "Mimi narudi jioni nimechoka, nitayafanya saa ngapi?" Chukua dakika kumi kabla ya kulala. Osha vyombo vya jioni, visilale na mabaki yanayoita mende na panya. Funika taka au uzitoe nje. Anika kitambaa. Funika maji. Tazama chupa ziko wapi. Watoto wakubwa, wavulana kwa wasichana, na baba pia, kila mmoja apewe kazi yake. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila mtu atokapo chooni, na kabla ya kushika chakula.

Yule mama wa chumba cha pazia hahitaji nyumba kubwa wala pesa nyingi. Anahitaji kitambaa cha pili, dakika tatu zaidi za kuchemsha maji, na rafu moja ya juu.

Basi msikilizaji, leo jioni chukua kitambaa chako cha jikoni ukinuse. Kikinuka, umejua pa kuanzia.