PANGANI: Raha tupu, lakini bahari inadai chake!

Mpenzi msomaji, kama jiji limekuchosha kwa honi na vumbi, na mfukoni kuna chochote, nenda Tanga, halafu shika njia ya pwani kuelekea kusini. Kama kilomita 50 hivi, unaingia Pangani, pale mto wenye jina hilo hilo unapomwaga maji yake baharini. Asikwambie mtu, pametulia!

Mji wenyewe ni mdogo. Ukianza kuuzunguka alasiri, magharibi haijaadhiniwa umeshaumaliza. Utaona nyumba kuukuu za mawe, milango ya nakshi na Boma la Mjerumani. Usiuone umelala ukadhani ni wa juzi. Hapa ndipo Abushiri bin Salim, aliyewatoa Wajerumani jasho, aliponyongwa Desemba 1889. Hapa ndipo Shaaban Robert alipokuwa karani wa forodha. Na mkonge wa kwanza wa nchi hii ulipandwa Kikogwe, jirani tu hapo, mwaka 1893.

Ukitaka kuuona mji vizuri, vuka mto hadi Bweni, upande kilimani. Kusini zaidi kuna Ushongo: mchanga mweupe, minazi, hoteli ndogo ndogo za ufukweni. Dafu mkononi, miguu majini, shida zote kwaheri.

Sasa tuje kwenye kiini cha habari. Wageni wengi wakifika huko huulizia kisiwa cha Maziwe. Wanapelekwa kwa boti, tena maji yakiwa yamekupwa. Kwa nini? Kwa sababu maji yakijaa, kisiwa hakipo! Ni fungu la mchanga tu. Zamani palikuwa na mivinje, na kasa walipanda kwa wingi kutaga mayai. Ndiyo maana mwaka 1975 pakatangazwa kuwa hifadhi. Miaka michache baadaye miti ikawa imekwisha na mawimbi yakakomba ardhi. Kasa maskini bado wanakuja, hawana habari. Mayai yao inabidi yahamishiwe ufukweni Ushongo yasije yakafunikwa na maji.

Na si Maziwe peke yake. Mto huu unatoka mbali, Kilimanjaro na Meru. Njiani unazuiwa Nyumba ya Mungu, unanyweshea mashamba, unazungusha mitambo ya umeme Hale na Pangani. Sote tunautaka! Lakini kinachobaki ndicho kinachofika mdomoni, na mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi yanapanda juu. Mkulima wa bondeni ndiye anayeonja. Mjini nako bahari inabisha hodi, hata umejengwa ukuta wa kuzuia mawimbi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pangani ukuta umeshajengwa, kwa hiyo tusijidai hatukuambiwa. Mikoko ya mtoni isikatwe ovyo, mchanga wa ufukweni usizolewe, na huko juu wanaogawana maji wakumbuke kwamba mto una mwisho, na mwishoni kuna watu.

Basi nenda, msomaji wangu, kaponde raha. Ila ukisimama pale Maziwe na maji yanaanza kukulamba vifundo, jiulize: wajukuu zako nao watapakuta?