Maji ya Kachumbari na Kasisi wa Teddington

Jumapili moja jioni nilikuwa natengeneza kachumbari hapa kwetu London, binti yangu yuko mezani na kitabu cha Biolojia. Mtihani wa GCSE ulikuwa umekaribia. Akaniuliza, “Mama, osmosisi ni nini hasa?”

Nilitaka kumjibu nilivyozoea: kamuulize mwalimu wako. Naona haya kusema, lakini mwaka mzima nilimjibu hivyo, naye alishaanza kuacha kuniuliza.

Nikatazama bakuli. Vitunguu nilivyovifikicha kwa chumvi vilikuwa vimelegea, na chini kumejaa maji. Mimi sikutia hata tone.

“Haya maji yametoka wapi?” nikamuuliza.

Yametoka ndani ya seli za kitunguu. Kila seli ina utando unaopitisha maji kwa urahisi, lakini chumvi hupita kwa shida. Chumvi ikiwa nyingi nje kuliko ndani, maji hutoka kuifuata, seli zikasinyaa. Mizizini mambo huwa kinyume: ndani ya seli kuna chumvi na sukari nyingi kuliko kwenye maji ya udongo, kwa hiyo maji huingia. Ndiyo maana mchicha wako wa kwenye ndoo, ukiuzidishia mbolea, hunyauka na udongo umelowa. (Nimeshaua ndoo mbili hivyo, nikilaumu baridi.)

“Sawa. Yakishaingia, nani anayapandisha? Mti hauna moyo.”

Swali hilo lilimsumbua kasisi mmoja wa Teddington, hapa hapa kusini-magharibi mwa London. Stephen Hales alihudumu kanisa la St Mary tangu 1709 hadi alipofariki 1761, na amezikwa chini ya mnara wake. Siku moja alichelewa kupogoa mzabibu, ukawa unatiririka maji bila kukoma. Akafunga kipande cha kibofu cha mnyama juu ya jeraha ili kuuzuia. Kibofu kikavimba! Baadaye akaunganisha mirija ya kioo kwenye kisiki cha mzabibu, na maji yakapanda zaidi ya futi 20.

Lakini msukumo wa mizizi pekee hautoshi. Hales alichukua alizeti ya kwenye chungu, yenye urefu wa kama mita moja, akaufunika udongo kwa bati la risasi ili maji yasipotee pale, akawa anaupima uzito asubuhi na jioni. Kwa saa 12 za mchana mmea ulipoteza, kwa wastani, zaidi ya nusu kilo ya maji, yote kupitia majani na shina. Aliyachapisha hayo mwaka 1727.

Kumbe majani ndiyo yanayovuta. Maji yakitoka kama mvuke kwenye vitundu vidogo vya jani, huyavuta yaliyo nyuma yake, kwa sababu chembe za maji hushikana, mnyororo mmoja hadi mzizini. Njia yake ni mirija myembamba iitwayo zailemu, na nguvu yake ni jua.

“Kwa hiyo usiku mti unapumzika?”

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Mimea mingi hufunga vile vitundu gizani.

Kachumbari tuliila imelegea sana. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa floemu, mirija inayobeba sukari kutoka majanini. Alisogeza kitabu katikati ya meza.